Nyuma ya Pazia la Bibi Piroska

Alhamisi, 7 Novemba
Lőrinc wa ghorofa ya juu kanikejeli tena ngazini. Eti santuri zangu ni vikaango: husikii muziki, unasikia mafuta yakichemka! Muziki wake wote uko kwenye kompyuta, safi kama maji ya bomba. Nikamjibu maji ya bomba hayana ladha. Bibi Piroska, aliyepiga sello, ile fidla kubwa, kwenye okestra miaka thelathini, akatoka mlangoni. Akasema tuache kelele, twende kwake Jumapili. Atatupigia kipande kimoja mara tatu nyuma ya pazia, tutambue ipi ni santuri, ipi ni kompyuta. Mshindi ndiye atakayemkaribisha kila Jumapili kusikiliza muziki, naye atakuja na pogácsa zake, vile vimkate vya jibini. Nikakubali kabla hajamaliza.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimejipima, macho nimefumba. Ajabu! Niliyodhani santuri yangu ilikuwa redio ya jirani. Hivi masikio yananidanganya tangu lini? Swali gumu. Bora Lőrinc asilijue.

Jumamosi, 9 Novemba
Dawa imepatikana! Santuri ya marehemu baba, sello peke yake. Nimeikwaruza mwanzoni kwa sindano ya kushonea. Sasa inalia tak! Baba, nisamehe, ni kwa heshima ya santuri. Nimempelekea Piroska aitumie kesho. Akaigeuzageuza dirishani, penye mwanga.

Jumapili, 10 Novemba
Mara ya kwanza: tak! Santuri, nikasema. Sawa. Mara ya pili: hakuna tak. Kompyuta. Sawa. Lőrinc naye kapata zote, anatafuna kucha. Mara ya tatu: hakuna tak. Nikasimama kabisa.

“Kompyuta! Sauti imekufa hii, haina roho hata chembe!”

Lőrinc akabisha: ni santuri, tena mbovu, inakoroma.

Pazia likafunguka. Piroska ameketi, sello katikati ya magoti, upinde mkononi.

“Sina roho, Mzee Kornél? Nawe Lőrinc, mimi ndiye nakoroma?”

Pogácsa akazitafuna mwenyewe, moja moja, mbele yetu.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimewaza tangu asubuhi. Kosa nimelipata: ni sello yake! Nimemwandikia barua ya adabu, nikimshauri abadilishe nyuzi, kisha tutamsikiliza upya. Lőrinc kaisoma ngazini. Kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Kaomba kalamu, naye katia sahihi.