Kebo ya Tata

Jumatatu, 4 Agosti
Wezi wamebeba kuku wa Mama huko Nyansiongo. Wote! Hata jogoo. Dada yangu Kwamboka ameapa: kamera ya ulinzi isipofanya kazi kufikia Jumapili, Mama anahamia kwake Kisii mjini. Ghorofa ya nne! Chai atachuma wapi, kwenye ngazi? Nimejitolea kuifunga kamera. Shemeji Obwocha, mume wa Kwamboka, fundi wa stima anayejiona, akashauri kebo mpya ya shaba tupu. Mpya ya nini? Darini iko ya Tata, baba yetu, ya antena, ya mwaka themanini na tisa. Enzi hizo vitu vilikuwa vitu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeishusha. Bado inanuka moshi. Nikamkumbuka Tata, Mungu amlaze pema. Televisheni moja kijiji kizima, majirani hadi mlangoni, mimi nje kwenye mvua nazungusha mlingoti. Tata ndani: zungusha! Rudisha! Umepitisha, wewe! Machozi yakanitoka. Obwocha akaja, akakwangua ncha kwa kisu. Ati shaba imegeuka kijani, ati kebo imeoza yote. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefunga. Picha: chenga tupu. Sikubabaika, dawa naijua. Nikaikumbatia nguzo ya kamera, nikazungusha. Mama ndani akitazama: yaya, hapana, bado. Nikazungusha tena. Yaya! Mara akapiga kelele: hapo hapo! Nikaingia mbio. Katikati ya chenga, choo cha jirani yetu Nyanchoka, na mwenyewe anatoka akifunga leso. Kisha giza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajacheka hivyo tangu Tata atuache.

Jumapili, 10 Agosti
Kwamboka amefika na pikapu. Mama alikuwa ameshafunga godoro. Niliumia, jamani. Obwocha akapanda nyuma ya pikapu. Akateremsha kebo yake mpya, akang'oa yangu, akaunganisha. Nusu saa haikuisha. Lango hilo, zizi hilo, hata kwato za ng'ombe unazihesabu. Godoro likarudishwa ndani. Mama habanduki! Nilimkumbatia Obwocha, na simpendi.

Lakini kosa halikuwa kebo. Nilizungusha kulia badala ya kushoto. Nimeikunja ya Tata vizuri. Mzee Zachariah anataka kamera kanisani, nimemwambia kebo ninayo, imara, ya zamani. Nimemuuliza jambo moja tu: huko ndani kuna mtu mwenye sauti kubwa?