Marufuku Kumwaga Maji Baridi

"Wananchi wa Mtaa wa Mwamba, kuanzia leo ni marufuku kuumwagia mradi wowote wa maendeleo maji baridi!"

Felisiani, Ofisa Hamasa, alilisoma tangazo hilo kwa kipaza sauti pembeni ya kata ya Buhare, kando ya bomba jipya lililofungwa utepe. Alikuwa ametoka semina Bunda, ambako mtaalamu aliwafunulia kwamba Waingereza, mtu akimvunja moyo mwenzake, husema amemmwagia maji baridi. Jambo hilo lilimkosesha Felisiani usingizi kwa furaha.

"Asili yake ni jikoni," aliwaelimisha. "Chungu kinaanza kuchemka, anatokea mpinga maendeleo, anamwaga maji baridi. Uji unapoa, familia inalala njaa. Sasa mradi wetu ndio unachemka!"

Gaudensia, mama muuza vitumbua, akatua ndoo aliyoitoa ziwani kwa kichwa.

"Baba, hili bomba mlilifunga mwaka jana. Mbona halitoagi hata tone?"

"Mnaona? Amemwaga maji baridi hadharani!"

"Mimi? Maji ya kumwaga nayatoa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Felisiani hakucheka, aliumia kweli, maana aliamini. Kesho yake Kitengo chake cha Kudhibiti Uvunjaji Moyo kikafunga kibanda cha Gaudensia mpaka aombe radhi. Felisiani akatuma taarifa makao makuu: "Maji baridi yamemwagwa Mtaa wa Mwamba. Mhusika anafahamika."

Mkurugenzi akaisoma sentensi ya kwanza tu, akafurahi, akaja na wapiga picha.

Alishuka kwenye gari akiwa mwekundu kwa vumbi. Akakata utepe, akampongeza Felisiani, akapaka sabuni mikononi, kisha usoni, akafumba macho mbele ya kamera na kufungua bomba.

Bomba likakohoa. Akatoka buibui.

"Felisiani, maji yako wapi?"

"Mheshimiwa, yale yalikuwaga msemo tu. Wa Waingereza."

"Na wao maji waliyapata wapi?"

Felisiani akafikiri kwa uaminifu. "Nadhani kwao yanatokaga."

Povu likaanza kuingia machoni. "Maji! Yeyote mwenye maji!"

Ndoo iliyokuwa karibu ilikuwa ya Gaudensia, aliyekuwa anapanda kutoka ziwani. Felisiani akamkimbilia. "Mama yangu, tusaidie."

"Hapana, baba. Nimefungiwa kibanda kwa kumwaga maji baridi. Nikimwaga tena si nitakuwa nimerudia kosa?"

"Nani kamkataza mama huyu kumwaga maji?" Mkurugenzi alifoka, macho yamefumbwa. "Mwaga mama, naagiza!"

"Kibanda changu je?"

"Kimefunguliwa!"

"Na hili bomba? Fundi alisemaga halina pampu."

Mkurugenzi akasita. Povu halikusita.

"Pampu wiki hii! Andikeni!"

Gaudensia akachota kikombe kimoja, akamnawisha taratibu kama mtoto, akajitwika ndoo na kwenda kukanda unga wake.

Pampu ilifika Alhamisi. Kitengo kikatangaza kuwa hayo ni matunda ya hamasa. Felisiani alihamishiwa Butiama, ambako kwa agizo la Mkurugenzi haruhusiwi kutaja Waingereza karibu na bomba lolote.