Spika Mbili na Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2008
Siku ya kumi na tisa tangu Domitila aende kwa kaka yake, Likunja. Sikumfukuza. Hilo liandikwe kwanza. Alikuwa akinieleza jambo kuhusu mikorosho ya bondeni, nami nikamwomba asubiri taarifa ya habari iishe. Akasubiri. Ilipoisha alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Alisema mtu aliyeishi na redio miaka thelathini na mmoja, basi na apikiwe na redio.

Nyumba iko kimya. Nimepasha ugali wa jana. Umeungua nje, ndani baridi.

Sitaki kwenda Likunja. Aliyeondoka ndiye hurudi. Huo ndio utaratibu. Lakini nina mpango.

Juu ya kabati ipo kaseti ya mwaka 1994. Nilijirekodi nikifundisha ngeli za nomino, kwa redio-kaseti yenye maikrofoni mbili, ili niipeleke redioni. Haikupelekwa. Domitila aliiharibu. Yumo nyuma ya sauti yangu tangu mwanzo hadi mwisho: anapeta ufuta, anafukuza kuku, ananiita mara tatu nikale. Mwaka ule nilimnunia siku mbili. Leo naitaka kaseti hiyo kwa ajili ya kuku wale.

Jumanne, 5 Agosti
Fundi Nuhu wa sokoni, atengenezaye redio, ameihamishia kaseti kwenye kompyuta ambayo mwanetu Severini alituletea kutoka Dar es Salaam. Tumeunga spika mbili. Domitila yumo, lakini amebanwa katikati ya spika kama picha iliyobandikwa ukutani. Si yeye.

Nuhu alieleza sababu. Sauti ya spika ya kushoto haiendi sikio la kushoto peke yake. Huvuka pia hadi la kulia. Na ya kulia hufanya vivyo hivyo. Masikio yote mawili yanapata mchanganyiko. Nikasema huo ni utovu wa nidhamu. Akakubali. Akashauri nijaribu kuweka kizuizi kati ya spika.

Alipoondoka nilisimamisha godoro juu ya meza, nikaketi na pua yangu imegusa godoro. Kweli! Domitila alitoka ukutani, akapita na ungo wake kutoka kulia kwenda kushoto. 

Hapo akaingia Silvanus bila kupiga hodi. Silvanus ni jirani yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ingawa imla yake haikuwahi kuwa nzuri. Aliuliza kama napigana na godoro au nalisalimia. Nikamjibu kuwa ni utafiti. Akasema kutoka Nachingwea hadi Likunja si safari ya Ulaya, nipande gari. Nikamwonyesha mlango.

Alhamisi, 7 Agosti
Nuhu ameleta programu kwenye sidii. Kazi yake ni kuufuta ule uvukaji wa sauti, ili kila sikio lipate haki yake, bila godoro. Ameitoa kwenye intaneti, bure. Nikauliza mwenye programu ananufaika nini. Nuhu hajui. Alisema labda naye ni mtu anayependa kusikiliza tu.

Nimemfikiria mtu huyo mchana kutwa. Labda naye mkewe kaenda kwa kaka yake.

Masharti ni makali, nimeyapenda. Spika ziwe umbali sawa na kiti. Kiti ni kimoja. Msikilizaji ni mmoja. Kichwa kisitikisike, kikisogea shubiri moja, kila kitu kinarudi ukutani. Nimepima kwa futi, nimezungushia miguu ya kiti chaki. Nilipotaka kuketi, umeme ukakatika hadi jioni.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Wengi wamekwenda kwenye maonesho ya wakulima. Umeme upo. Nikaketi.

Siwezi kuandika vizuri. Spika zilitoweka. Ungo ulikuwa kushoto, karibu na mtungi. Kuku walikuwa miguuni pangu, niliinua miguu. Domitila akasema, “Mwalimu, chakula kinapoa,” penye bega langu la kulia. Nikamjibu kwamba nakuja.

Ndipo Silvanus akapiga hodi, safari hii kwa adabu. Mgeni hupewa kiti kizuri. Mimi nimewafundisha watoto wa wilaya hii desturi hiyo kwa miaka thelathini. Na kiti kizuri ni kimoja. Nikasimama.

Alianza kwa kubeza. Alisema sabufa yake inatingisha mabati, hii yangu haitingishi hata kikombe. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimesahau: mwaka ule marehemu mkewe, Beatrisi, alipita kuazima chekeche. Yumo kwenye kaseti. Anasalimia, anacheka, anasema mumewe akiona chai haina sukari hujifanya mgonjwa. Nusu dakika tu. Silvanus akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara kumi na moja. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Agosti
Silvanus amerudi saa moja na nusu asubuhi. Ameketi hadi saa nne. Namwonea huruma, lakini kiti ni changu na Domitila ni wangu.

Nimepata dawa. Mgonjwa haondolewi kitini. Baada ya chakula cha mchana nilijifunga taulo shingoni. Silvanus alipokuja tena nikamwambia kuwa shingo imekaza, siwezi kusimama wala kugeuka. Hila hii ina uzuri mara mbili, maana inaeleza pia kwa nini kichwa hakitikisiki.

Aliniamini. Alinipa pole. Kisha akaenda kutangaza mtaa mzima. Zuena, jirani yetu auzaye vitenge, shoga wa Domitila, alikuwa njiani kwenda Ruangwa. Alinichungulia dirishani, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Mgonjwa.

Leo programu imefanya makubwa. Niko kwenye ngeli ya nne, Domitila anafukuza kuku mbele kushoto. Ghafla nasikia hatua nyuma yangu, mlangoni. Nyuma! Spika ziko mbele. Nuhu hakuniahidi sauti za nyuma.

Kisha sauti ya Domitila, nzito kidogo kuliko ya mwaka 1994. Kaseti nayo huzeeka. Ikasema, “Mwalimu, nimeambiwa shingo imekaza. Umekula?”

Miaka kumi na minne ninayo kaseti hii na sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Bila shaka yalikuwa yamelala chini ya sauti yangu. Hata harufu ya mafuta ya nazi niliipata. Sikujua kitu cha bure kinaweza kufika hapo. Sikugeuka; ningegeuka ningempoteza. Niliinua mkono tu, kutaka utulivu, lisinipite neno.

Kitu kikawekwa sakafuni. Kisha ikasema, “Haya.” Hatua zikaondoka.

Nilitokwa na machozi. Nikarudisha nyuma ili nisikie tena. Hapakuwa na kitu. Nikarudisha mara kumi na tano. Nitamlalamikia Nuhu.

Jumatatu, 11 Agosti
Asubuhi nimekuta bakuli mlangoni, limefunikwa kwa sahani. Kisamvu cha nazi. 

Akaja Zuena. Hakunisalimia. Alisema yeye ndiye aliyempelekea Domitila habari za ugonjwa alipopita Likunja, na Domitila alipanda gari siku ya pili yake, bila hata kunywa uji. Alisimama nyuma yangu. Mimi nikamnyanyulia mkono. Kalala kwa Zuena, alfajiri karudi Likunja.

“Mwalimu,” akasema Zuena, “mwenzio alikuja na mzigo wake wote.”

Silvanus alifika baadaye. Nilimwachia kiti, sikuwa na nguvu za kubishana. Hakuomba kaseti. Alisema, “Wangu mimi hana gari la kumfuata. Wako yuko hapo Likunja. Unangoja nini, bwana?”

Nimemfikiria Domitila akiwa mlangoni na mzigo kichwani. Kile kisamvu nimekila chote, nikiwa nimesimama. Kilikuwa kimepoa.

Jumanne, 12 Agosti
Uamuzi umepita. Nakwenda Likunja kesho na gari la kwanza. Utaratibu wa aliyeondoka kurudi nimeusimamisha kwa muda.

Silvanus alinishika mkono kwa furaha. Aliuliza nitamwambia nini. Nikamweleza kwamba hapahitajiki maneno. Chanzo cha yote ni kuwa Domitila hajaisikia programu. Angeketi kitini, angeelewa mara moja kwa nini sikugeuka.

Kwa hiyo nakwenda na kompyuta, spika zote mbili, kiti, futi na chaki. Likunja hakuna umeme. Nuhu ananiazima jenereta. Silvanus ameketi kibarazani, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani amechoka na jua.

Nimeandaa pia maelezo mafupi ya utangulizi, dakika arubaini. Kisha tutasikiliza kaseti, pande zote mbili. Nitamwomba Domitila asiseme neno lolote mpaka iishe.