Hodi Tatu Bila Karibu

Temeke, Dar es Salaam
9 Agosti 1951

Kwa Bwana Msimamizi,
Nyumba ya Makumbusho, Njia ya Bagamoyo

Bwana Mheshimiwa,

Mimi ni Awadh bin Aidarus, mwenye duka hapa Temeke. Nyumba kongwe mliyoifanya makumbusho, pamoja na bustani yake, ndimo alimozaliwa mama yangu, Bi Hamdiya. Anataka kukiona chumba cha mamake kabla mtoto wa jicho hajamziba macho. Tumekuja mara tatu, na mara zote tumerudi bila kuingia. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mlango mmeuacha wazi, lakini ndani hamna wa kuitikia. Mama alipiga hodi mara tatu, kimya. Nawe wajua, hodi ya tatu isipojibiwa mgeni hugeuka. Tuligeuka na mkate wetu wa kumimina kapuni, maana kwa watu hakuendwi mikono mitupu.

2. Safari ya pili mlinzi wenu Mwinjuma alituambia tupite tu. Mama akamuuliza yeye ni nani wa nyumba ile. Akajibu ameajiriwa. Mama akasema mwajiriwa hawezi kumkaribisha mtu chumbani kwa mamake. Mkate aliula Mwinjuma.

3. Safari ya tatu, Mungu anisamehe, nilichungulia dirishani. Kitanda mmekizungushia kamba, birika la kahawa limekauka, na kibao kinasema hivi ndivyo walivyoishi watu wa kale. Mtu wa kale mwenyewe alikuwa barazani kwenu anatafuna tambuu, hana wa kumwambia karibu!

4. Ule mwasmini wa bustanini aliupanda bibi yangu mzaa mama. Mama alichuma maua kidogo ya kutia kwenye nywele, akapuliziwa firimbi kama mwizi wa kuku.

Basi naomba muajiri mtu wa kusema karibu. Lakini karibu tupu ni ubahili, kwa hiyo iandamane na kahawa. Kahawa nayo haiendi bila halwa. Na aliyeshiba halwa saa saba ya jua kali hafukuzwi, hivyo ile kamba ya kitanda ifunguliwe apumzike. Kwa kuwa kazi hii yataka mtu anayeijua nyumba, nashauri mumpe mama yangu. Akae humo humo, wageni wamtazame. Serikali itatoa tambuu tu.

Nasema kweli, Bwana, inaniuma. Mwaka huu mama anauona mlango ule. Mwakani ataupapasa.

Nisalimie bibi yako na watoto, makarani wote, na Mwinjuma, kama mkate ulimkaa vizuri tumboni.

Ni mimi, mgeni wako asiyeingia,
Awadh bin Aidarus

Baada ya sahihi: Nilipokuwa natafuta maneno mazuri juu ya adabu ya kukaribisha wageni, mtu alikuwa akipiga hodi mlangoni kwangu. Sikumjibu, maana alikuwa ananivuruga. Baada ya hodi ya tatu akaondoka. Jirani yangu Yuliana anasema alikuwa wewe, Bwana, umekuja na gari kumkaribisha mama kwa mdomo wako, baada ya Mwinjuma kukueleza habari zetu. Mama alikuwa uani, na sasa amesikia. Amevaa buibui, kapu mkononi, tayari kuja kwenu. Ameniagiza tu niandike lalamiko la tano, na mshitakiwa niwe mimi.