Vita vya Punje Moja katika Pua ya Kokugonza

Sogeeni, enyi wana wa migomba na wa mibuni, mlioketi na mliosimama mlangoni. Aliye na chungu mekoni na aepue, aliye na kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana vita vinavyosimuliwa hapa vilipiganwa katika uwanja mwembamba kuliko kidole cha mtoto, na havikumwaga damu, ila kamasi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mkoa wetu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, na kijiji cha Kanyamigogo, upande wa Kamachumu, kilikuwa kimehamia ujamaa kwa namna ya pekee, yaani bila mtu yeyote kuhama. Asubuhi moja watu waliamka katika nyumba zao zilezile, chini ya migomba ileile ya babu zao, wakaambiwa kuwa wamefika. Wakashukuru kwa safari njema.

Katika kijiji hicho palikuwa na nyumba moja ya bati iliyokuwa mali ya wote, na ndani yake alitawala Adventina binti Mwijage, mwalimu wa chekechea, mwenye miaka ishirini na miwili, darasa la saba, na mafunzo ya wiki sita ya Bukoba mjini. Adventina Mfunga Vifungo, Mnawisha Mikono, Mwamuzi wa Waliong'atana. Raia zake walikuwa ishirini na watatu, na hakuna aliyezidi miaka sita. Aliwafundisha kushuka ngazi kwa kutanguliza mguu badala ya kichwa. Aliwafundisha kuzunguka shimo la kuivishia ndizi kwa mbali, kama watu wanaopita nyumba ya mdai, na kumwachia kisu mtu mzima hata kama ndizi inaita. Na juu ya elimu hizo zote aliiweka moja, tukufu na telezi: elimu ya kupenga kamasi.

Elimu hiyo ilikuwa na silaha zake. Mwalimu alichora mstari wa mkaa sakafuni, akaweka unyoya wa jogoo nyuma yake, na mtoto akapiga magoti mbele ya unyoya kama shujaa mbele ya adui. Kisha ikatoka amri, nayo haikubadilika tangu siku ya kwanza: "Vuta pumzi. Funga mdomo. Bana tundu moja. Sukuma." Unyoya ukivuka mstari, mtoto alipigiwa makofi na kurudi kwenye mkeka akiwa mtu mwingine.

Watoto ishirini na wawili walikuwa wameuvusha. Aliyebaki ni Kokugonza, mjukuu wa bibi Kokubanza, mwenye miaka minne na pua iliyojua njia moja tu, ya kwenda ndani. Akiambiwa apenge, alivuta. Alivuta kwa moyo wote, mpaka unyoya ukamnata chini ya pua kama sharubu la afisa, na wenzake wakagaagaa kwa kicheko. Adventina hakuwa amemwambia mtu aibu hiyo, hata mamaye mtoto.

Maana adui alikuwapo. Aliitwa Rugemalira, Mwenyekiti wa Kijiji, Simba wa Mikutano, ambaye hotuba yake fupi ilikuwa kurasa kumi na nne. Ofisi yake ilikuwa banda lililokuwa la kukamulia pombe ya ndizi, na kila aliyeingia mle kwa shauri zito alitoka amechangamka kwa harufu. Mwenyekiti aliitamani nyumba ya bati. Aliitamani mchana, akaitamani kwa maandishi. Alipita dirishani, akawaona raia wa Adventina wamepiga magoti wakipulizia manyoya kwa pua, akaenda akitangaza kwamba taifa linataka jembe na huyu binti anafundisha makamasi. Akaandika mkoani kwamba kituo kifungwe, watoto wabebwe migongoni mwa mama zao shambani kama zamani, na nyumba ipewe shughuli za maana.

Basi mkoa ukamtuma Bibi Maendeleo aje aamue. Huyo alikuwa Mastura, mama wa Kiislamu wa Bukoba mjini, mwenye miwani na maneno machache. Alikuja kwa Land Rover iliyoendeshwa na Muhidini, akakaribishwa kwa heshima zote za nchi: nyasi mbichi zikatandazwa sakafuni kuzunguka uwanja wa unyoya, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa, kama apitishiwavyo mgeni yeyote tangu dunia ipate wageni. Adventina alipanga jeshi lake mbele, kwenye mikeka, vifungo vyote vimefungwa, akaenda kusimama nyuma. Alijua kwamba kufikia jioni atakuwa ama mwalimu, ama mtu wa kupalilia migomba.

Mwenyekiti akainuka, akafunua kurasa zake, akanguruma. Ukurasa wa kwanza ulimsalimu kila mtu kwa cheo chake. Wa pili uliwasalimu wasiokuwapo. Katika wa tatu Kokugonza akaanza kuuliza kwa sauti mzee huyu ataacha lini, na Mwenyekiti, bila kukata sentensi, akainama, akamnyamazisha kwa njia aliyoijua mwenyewe, akaendelea. Toka nyuma Adventina aliona mgongo wa koti tu. Alishangaa sana jinsi mtoto yule alivyotulia.

Ukafika ukurasa wa tisa, na ombi la nyumba lilikuwa likingoja kwenye kumi na moja. Hapo Kokugonza alisimama, akapita katikati ya wakubwa kama mjumbe aliyebeba habari za mpakani, akaishika kanga ya Adventina.

"Mwalimu, pua imefungwa."

Adventina akamwinamishia kichwa kwenye mwanga wa mlango, akatazama. Ndani ya tundu la kulia, juu, palikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kinang'aa, kimeketi kama mtemi katika pango. Ilikuwa punje ya kahawa.

Habari ikaenea, na baraza la vita likajikutanisha lenyewe. Mwenyekiti, aliyekuwa amegeuka rangi kwa sababu ambayo haikujulikana bado, alishauri iletwe spoku ya baiskeli. Mutalemwa, balozi wa nyumba kumi, alijitolea ukucha wake wa kidole cha mwisho, mrefu, uliozoea kuchota tumbaku. Philbert, katibu, alipendekeza kamati ya watu watatu ikalizingatie tundu hilo na kuleta taarifa mwezi ujao. Bibi Kokubanza akawauliza kama mwezi ujao mjukuu wake atakuwa anapumua kwa masikio.

Ndipo Adventina, ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kusema mkutanoni zaidi ya "ndiyo, mzee", alipiga hatua, akasimama kati ya mtoto na taifa zima.

"Wazee wangu, waitu, nisikilizeni," akanena. "Mwenye spoku airudishe kwenye gurudumu lake. Mzee Mutalemwa, ufumbate huo ukucha. Kitu kilichomo puani ukikichokoa kinaingia, na kikiingia zaidi hatutakifuata kwa kamati. Kaka Muhidini, washa gari. Nikishindwa mara mbili tunakwenda hospitali. Na wengine wote mrudi nyuma mkae kimya, maana mnamtisha, na anayelia anavuta."

Wakarudi nyuma. Muhidini akaenda kuwasha gari, gari likakataa, na robo ya wanaume wa Kanyamigogo ikatoka kwenda kulisukuma kwenye mteremko. Kelele zao zilisikika zikipungua taratibu kuelekea bondeni.

Adventina akampigisha mtoto magoti kwenye mstari wa mkaa. Akaweka unyoya. Katika wakubwa wote wa nyumba ile, yeye peke yake alijua kwamba katika watoto ishirini na watatu punje imechagua pua isiyojua kutoa. Kokugonza akivuta mara moja tu kwa ile bidii yake, basi. Akamwambia apumue kwa mdomo, polepole. Akafungua kinywa kutoa amri ya kila siku, neno la kwanza likamfika kwenye ulimi, na lilipofika akalisikia, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Vuta.

Siku zote hizo mtoto alikuwa akimtii. Alisikia neno la kwanza, akalitimiza kwa uaminifu ambao hata askari hawana, na maneno matatu yaliyofuata yalimkuta kazini. Adventina akalimeza neno lile. Akatafuta jingine, na mlangoni, kule nje, akamwona fahali wa Mutalemwa akila nyasi zilizobaki.

"Kokugonza," akasema, "yule fahali akikuta mtu shambani kwake, anafanyaje?"

Kokugonza alimjua yule fahali kuliko alivyowajua wajomba zake.

"Funga mdomo kwanza. Hapa nabana mimi. Unyoya huu umeingia shambani kwako. Mwonyeshe."

Enyi mnaosikiliza, mtoto akafunga mdomo. Akainamisha kichwa, akakunja uso, akakwaruza sakafu kwa mguu, jambo ambalo halikuwamo katika mafunzo ya Bukoba, akakoroma kwa tundu moja kishindo kilichomfanya Mutalemwa atazame mlangoni, akidhani ni mali yake. Unyoya ukaruka. Na nyuma ya unyoya punje ikatoka pangoni na jeshi lake lote la kamasi, ikavuka mstari wa mkaa, ikapita kando ya kiatu cha Mastura, ikatua kwenye nyasi mbele ya bibi Kokubanza.

Watoto ishirini na wawili wakapiga makofi. Hawakushangilia punje. Walishangilia unyoya, kwa kuwa Kokugonza ameuvusha.

Bibi Kokubanza aliiokota punje kwa jani, akaipeleka puani mwake, ambako ilipokewa kwa mbali zaidi. Akafikiri. Kila nyumba kwetu huchemsha kahawa yake ya kutafuna kwa majani yake, na mwanamke wa umri ule huzitambua nyumba kwa harufu kama wengine wanavyozitambua kwa milango.

"Mchaichai," akasema. "Na mchaichai mwingi. Ni kwa nani hapa wanakojaza mchaichai hivi?"

Wote walijua. Macho ya kijiji yakasafiri mpaka kwenye mfuko wa koti la Mwenyekiti, yakakaa.

Mastura akachuchumaa mbele ya Kokugonza, akamuuliza kwa upole nani alimpa.

"Taata Mwenyekiti. Alisema tia mdomoni, nyamaza."

"Na mbona umetia puani?"

"Mdomoni ni chungu," akasema Kokugonza.

Gari lilisikika likiwaka kule bondeni. Kisha Mastura akainuka, akaketi, akaweka miwani sawa, akamwomba Mwenyekiti aendelee pale alipoishia. Rugemalira akafunua ukurasa wa kumi. Akafunua wa kumi na moja, akausoma kimya, kuanzia juu mpaka chini. Akazikunja kurasa zote kumi na nne, akazitia mfukoni penye kahawa, akatangaza kwamba hotuba imekwisha. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa, na wazee walimpongeza kwa dhati.

Hivyo nyumba ya bati ikabaki ya chekechea. Katibu Philbert akaandika katika daftari la kijiji, kwa wino, kwamba siku hiyo punje moja ilitoka salama mbele ya mgeni wa mkoa. Na bibi Kokubanza, aliyekuwa ameishi muda mrefu wa kutosha kuona watemi wakiketi na wakiondolewa, akapiga magoti kwa shida mbele ya mjukuu wake, akamsalimu kwa ile salamu ya watemi ambayo nchi ilikuwa haijaisikia miaka kumi na minne: "Kasinge, waitu." Balozi Mutalemwa alivua kofia kabla hajakumbuka kwamba mambo hayo yalikwisha futwa.

Masika yaliyofuata yalikuja na mafua, na mafua hayajui cheo. Asubuhi moja Mwenyekiti alisimama mlangoni pa chekechea, macho mekundu, leso mkononi, akipenga matundu yote mawili kwa pamoja huku kinywa kikiwa wazi, kwa sauti ya bati linaloezuliwa. Kokugonza akaondoka kwenye mkeka, akauchukua unyoya, akauweka kwenye mstari, akamshika mkono.

"Piga magoti, taata," akamwambia. "Moja moja. Na ufunge mdomo kwanza."

Na Rugemalira, Simba wa Mikutano, mbele ya watoto ishirini na wawili na mwalimu wao, akaufunga.