Picha ya Iranna Kabla ya Matokeo

Jumatatu, 3 Aprili
Iranna ameitwa Delhi! Mahojiano ya utumishi wa umma, Alhamisi ya wiki ijayo. Watahiniwa sitini wanakula mgahawani kwangu hapa Dharwad, na ni yeye peke yake aliyefika huko. Ni mara yake ya mwisho. Akikosa sasa, umri haumruhusu tena. Baba yake, kinyozi kule Kushtagi, amesubiri miaka minane.

Safari hii Sharanappa, mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, hanipati. Lile lipicha la ofisa ukutani kwake! Ofisa yule alikula kwangu miezi ishirini na saba. Mikate sita ya mtama kila mlo, milo miwili kwa siku. Mikate 9,720, yote ya mikono hii! Kwa Sharanappa alikula siku tisa. Picha iko kwa nani? Kwa Sharanappa. Na wateja wapya wanaingia wapi? Penye picha.

Ya Iranna itakuwa yangu.

Jumatano, 5 Aprili
Nimeanza kumfanyisha mazoezi mwenyewe. Darasa langu la saba linatosha. Nikakaa juu ya gunia la mtama kama mwenyekiti wa jopo, nikamuuliza serikali ifanye nini kuhusu chakula cha shule. Akanijibu kwa hoja nane, kamati tatu na takwimu za mwaka juzi. Kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Nikamwambia mwanangu, umeulizwa kuhusu njaa, na humo ndani hakuna hata mtu mmoja anayekula. Akainama. Nikamweka mlango wa jikoni, aite maagizo ya wateja mpaka nimsikie kwenye mvuke. Kufika saa nane watu walikuwa wanamtania wakimwita mnadi wa soko la vitunguu. Akacheka. Nikampiga picha hapo hapo, shavu limejaa mkate.

Ijumaa, 7 Aprili
Sharanappa kamtumia Iranna bakuli la biringanya za kujazwa. Bakuli zima! Eti zawadi ya safari. Na Iranna kala. Nilimpa mikate mitatu badala ya sita, basi. Akaja jikoni kunong'ona kwamba mama, biringanya zenyewe zilikuwa chumvi tupu. Nikamwongezea minne.

Jumatatu, 10 Aprili
Kaondoka na treni. Nimemfungia mikate thelathini na unga wa karanga wenye pilipili. Nikamwambia ale kwa mahesabu. Stesheni aliniinamia akanigusa miguu kwa heshima, kama mama yake. Moshi wa treni za siku hizi unachoma macho sana, ingawa wanasema zinatumia umeme.

Alhamisi, 13 Aprili
Leo ndiyo leo. Yeye yuko mbele ya jopo, mimi nimetundika picha. Fremu kubwa kuliko ya Sharanappa kwa inchi nne kila upande! Nikaivika shada la maua ya msandali, nikawasha taa ndogo chini yake na ubani. Heshima kamili.

Sharanappa alichungulia, akarudi kwake. Akazima televisheni yake. Saa sita akafunga mgahawa kabisa! Ushindi!

Ila mchana wateja wangu walikuwa arobaini na mmoja tu, na walikula kimya. Hakuna aliyeomba nyongeza. Wawili waliniambia pole, nadhani kwa joto la jikoni. Mmoja, anayetoka Kushtagi, alitoka na simu sikioni huku akilia. Mitihani inawachosha hawa watoto.

Ijumaa, 14 Aprili
Sijui niandikeje.

Saa moja asubuhi aliingia mzee mwembamba na mkoba wa mikasi. Baba yake Iranna. Kapigiwa simu ya rambirambi. Simu ya mwanawe haishiki tangu jana, akapanda basi la kwanza. Akaitazama picha, ile taa, lile shada. Akakaa chini mlangoni, mkoba kifuani.

Ndipo nikaiona kama alivyoiona yeye. Aliye hai huvikwa maua shingoni. Kwenye picha huvikwa marehemu. Watu wote Dharwad wanajua. Mimi pia najua! Niliwaza inchi tu.

Nikamwambia baba, mwanao mzima, yuko kwenye treni anakula mikate yangu. Hakunisikia. Tukapiga simu mara kumi na nne. Ya kumi na tano ikashika. Mzee akalia tu. Upande wa pili Iranna akaita kwa sauti iliyofika barabarani: Baba! Ni wewe? Mbona unalia? Watu wa mezani wakapiga makofi.

Sharanappa akaja na sufuria la wali. Kumbe jana alifunga kwa msiba. Macho mekundu. Akasema dada, wewe mwanamke una kichaa. Kisha akamlisha mzee kwa mkono wake mwenyewe. Sipendi mtu yule akiwa mwema.

Jumanne, 23 Mei
Matokeo. Iranna kakosa kwa alama tisa.

Alikaa pembeni, mkate haugusi. Nikasogeza mwingine. Kisha baba yake akafika. Kila mtu akaangalia sahani yake. Mzee akafungua mkoba, akamfunga mwanawe taulo shingoni, akaanza kumnyoa, taratibu, katikati ya wateja. Iranna akasema baba, nisamehe, nimekupotezea miaka minane. Mzee akamwambia atulie, wembe usimkate. Halafu akasema mwezi uliopita nilikuja hapa kuchukua maiti yako. Leo nakunyoa ndevu. Unataka nilie nini?

Iranna akala mikate minane.

Sasa tujumlishe. Bila shada lile, mzee angekuja leo amevunjika. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo, ila watu walikosa subira. Kuanzia kesho Iranna atafundisha somo la mambo ya sasa hapa kwangu, saa kumi jioni, kwa sauti ile ile. Watahiniwa sitini, afaulu mmoja katika kila kumi na wawili: picha tano kwa mwaka!

Nimeshanunua fremu tano. Mwenye duka alinipa na mashada yake kabisa, nikaona dhambi kuyaacha. Ya kwanza ni ya Tungavva, aliyeanza kula hapa jana. Hajajaza hata fomu ya mtihani.

Nimemwambia atabasamu.