Suruali Niliyoifua Mwenyewe

Jamani, leo heshima yangu imeanguka chini mbele ya wakwe. Na nikisema imeanguka chini, sina maana ya mafumbo. Imeanguka sakafuni, ina rangi nyekundu, na ina maua.

Ngoja nianze mwanzo kabla hamjasikia kwa mtu mwingine.

Mnaijua kazi yangu. Nahesabu viboko. Tunapiga kambi kando ya ziwa, kule Mto Nyando unakoingia, wiki sita, mara nyingine nane. Tunafuata nyayo kwenye mafunjo, tunaandika wamepita wapi, ili wakulima wa mpunga wapate tahadhari. Siwindi. (Baba mkwe huniita mwindaji. Nilishaacha kumsahihisha.)

Shida ya kazi hii ni matope. Yale meusi, yanayong'ang'ania kama deni. Na kwa miaka minne ya ndoa, matope yote hayo nilikuwa nayafungia ndani ya gunia na kumpelekea mke wangu Achieng' nyumbani Kondele. Nafika, namwaga gunia, nalala siku tatu, nachukua nguo safi, naondoka.

Miezi miwili iliyopita nilifika na gunia langu, nikalimwaga. Achieng' akaliangalia lile rundo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Omondi," akasema, "mimi si mke wako. Mimi ni karai lako."

Kesho yake akaenda kwao Awasi.

Mimi nikarudi kambini na nguo zilezile chafu. Na nikwambie ukweli, nilidhani nitamkosa kwenye chakula. Wapi! Nilimkosa kwenye vitu vya ajabu. Nilikosa vile anavyokohoa kidogo kabla ya kuanza kuniambia jambo zito. Nilikosa zile sauti za asubuhi, maji yakimwagwa, nguo ikikung'utwa, na yeye akiimba nusu wimbo kwa sababu nusu ya pili hajui. Nilikuwa nimelala kwenye hema nikisikia viboko wakikoroma majini, nikafikiria: huyu mwanamke alikuwa anafua nguo zangu akiimba, na mimi sikuwahi hata kuuliza kama mgongo unamuuma.

Nikaamua nitajifunza kufua.

Mwalimu wangu alikuwa Mama Risper, mpishi wetu wa kambi. Ni nyanya wa wajukuu tisa, ana mikono kama ya mpiga ngumi na hana huruma. Siku ya kwanza nilichukua suruali yenye matope nikaitumbukiza ziwani.

"Wewe! Toka huko!" akapiga kelele. "Unataka kiboko akusaidie kusuuza?"

Nikatoka.

"Halafu nani alikwambia utie maji kwa matope mabichi? Anika kwanza yakauke. Ukung'ute. Ndipo uloweke. Yawa, kwani huko kwenu nguo zilikuwa zinajifua?"

(Zilikuwa zinajifua, ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyodhani.)

Basi nikajifunza. Nguo za mafunjo ni za mafunjo, usilale nazo. Teka maji, fua mbali na ziwa. Fua saa nne asubuhi, jua kali likiwa bado mbele yako, si jioni. Anika upande ambao moshi wa jikoni hauendi. Geuza ndani nje. Na ukiona lile wingu la vijidudu linainuka ziwani, kimbia ukaanue, la sivyo shati jeupe litageuka jeusi na litakuwa linatembea. Wiki ya pili vidole vilichubuka. Wiki ya tatu kiuno kikagoma. Nikamkumbuka Achieng' mpaka nikashindwa kumeza ugali.

Suruali moja ya kijivu na shati moja la samawati niliziweka kando. Hizo zilikuwa za Awasi. Pasi hatukuwa nayo, kwa hivyo Mama Risper alinionyesha: kunja vizuri zikiwa na unyevu kidogo, weka chini ya godoro, lala juu. Nililala juu ya suruali ile siku tatu bila kugeuka, kama maiti.

Leo asubuhi nikaivaa ndani ya hema, nimeinama, haraka haraka, kwa sababu dereva wa kambi alikuwa anapiga honi. Nilihisi kitu karibu na goti. Nikadhani ni kitambaa cha mfuko kimejikunja. (Kumbukeni hapo. Mtu mwenye akili angesimama akaangalia.)

Nikafika Awasi saa tano. Nimeng'aa. Hata mama mmoja wa kuuza ndizi aliniita mchungaji.

Kwa wakwe nikapokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Baba mkwe kwenye kiti chake. Mama mkwe kule kando karibu na mlango, macho chini, kama heshima inavyotaka kati yake na mimi. Katikati, shangazi wa Achieng', Shangazi Dorina, ambaye alikuja maalum. Huyu mama akikuangalia unajikuta unakiri mambo ambayo hukufanya.

Achieng' akaleta chai. Amepungua. Amesuka nywele mpya, zile ndogondogo. Akaniwekea kikombe bila kuniangalia, na harufu ya mafuta yake ikapita karibu na uso wangu. Nikasahau hotuba yote niliyoipanga kwa wiki sita. Akarudi jikoni. Mlango wa jikoni akauacha wazi kidogo, nikaona.

Baba mkwe akasafisha koo. "Haya, mwindaji. Sema kilichokuleta."

Nikasimama.

"Baba. Mama. Shangazi. Nimekuja kwa sababu nilikosea. Achieng' alichoka na alikuwa na haki ya kuchoka. Lakini nimebadilika."

"Watu wote husema hivyo," akasema Shangazi Dorina.

"Shangazi, mimi sikuja na maneno. Nimekuja na ushahidi." Nikanyoosha mikono. "Angalieni hili shati. Nimefua mwenyewe. Kambini, kwa karai, kwa mikono hii. Angalieni kola."

Baba mkwe akaangalia kola. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeridhika. Nikapata nguvu. Nikageuka, waone na mgongo. (Hakuna aliyeniomba nigeuke.)

"Na suruali! Mtu ametoka kwenye kinamasi, lakini angalieni hata pindo. Hakuna tope!"

Nikainua mguu wa kulia. Nikautikisa, ili wauone vizuri.

Kitu kikateleza kutoka gotini. Kikashuka polepole, kwa starehe zake. Kikatokea kwenye pindo. Kikatua juu ya kiatu changu, kisha sakafuni, kikajifungua chote.

Chupi. Ya mama mzima. Nyekundu, na maua meupe.

 Hata kuku aliyekuwa mlangoni alisimama.

Mama mkwe akajifunika uso na leso. Baba mkwe akaangalia dari. Shangazi Dorina akainama mbele, akakichunguza kile kitu bila haraka, akaniuliza:

"Na hii pia umefua mwenyewe?"

Jamani.

"Si yangu!" nikasema. (Jibu la hovyo kabisa.)

"Hiyo tunaona. Ni ya nani?"

"Ya Mama Risper!"

"Mama Risper ni nani?"

"Tunakaa naye kambini!"

Nikasikia kikombe kikianguka jikoni.

Nikaanza kueleza habari ya kamba moja ya kuanikia, na godoro, na unyevu, na kila neno lilikuwa linanizamisha zaidi. Baba mkwe akainua mkono. "Mpigie simu. Weka sauti, tusikie sote."

Nikapiga. Mama Risper akapokea kwa kelele zake.

"Omondi! Umefika? Wamekupa chakula ama wamekufungia nje?"

"Mama, kuna kitu chako nimepata kwa suruali yangu..."

"Chupi yangu nyekundu! Nyasaye wangu! Siku tatu nawatukana tumbili bure!" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akashtuka. "Ngoja. Umeipatia wapi? Usiniambie ni kwa wakwe."

"Ni kwa wakwe, Mama. Wanakusikia."

 Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya mama mtu mzima.

"Hamjambo huko nyumbani. Mimi ni mpishi tu, nina wajukuu tisa na meno yamebaki machache. Huyo kijana wenu hakuna ubaya alioufanya ila ujinga wa kuanua. Lakini mwambieni huyo Achieng' arudi, tafadhali. Tumechoka. Tukila ni Achieng', tukifua ni Achieng'. Juzi Omondi alikuwa anakung'uta shati akaanza kuimba wimbo fulani, akafika nusu akanyamaza, machozi yakamtoka mbele ya vijana wa kazi. Nikamuuliza mbona humalizii. Akasema mke wake huishia hapo."

Nikakata simu. Hiyo ya machozi haikuwa ya kusema, Mama Risper! Hapo ndipo nilipoumbuka hasa. Ile chupi ilikuwa utangulizi tu.

 Halafu jikoni nikasikia mtu anakohoa kidogo. Kisha kicheko. Kilianza kidogo, amekiziba na mkono, kikamshinda, kikatoka chote. Miezi miwili sijakisikia. Nilisimama pale katikati ya aibu yangu nikiomba kisiishe.

Achieng' akatoka anafuta macho. Akaokota kile kitu kwa ncha za vidole, akakifunga kwenye karatasi, akanipa. Kisha akashika mkono wa shati langu, akausugua kwa kidole, akanusa.

"Hujasuuza vizuri," akasema. "Sabuni bado iko."

"Nitasuuza tena."

"Suuza mara mbili."

Lakini hakuuachilia ule mkono wa shati haraka. Nilihesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Leo hakurudi na mimi. Amesema ana nguo zake za kupanga, na anataka kufikiria kidogo. Nikamwambia afikirie tu. Akanisindikiza mpaka barabarani, na gari lilipokuja akasema atakuja Kondele Jumamosi.

Kwa hivyo msinicheke, jamani. Nioneeni huruma tu: leo ni Jumanne.